Picha bila wasomaji ni ubao tu

Katika mikutano yetu juu ya mila, neno moja linarudi kila mara: « Ile Picha ni mambo ya bazungu. Siye tuko na desturi zetu. » Wanaosema hivyo ni watu waliosoma, ba-professeur na ba-directeur, watu wa heshima. Kwa heshima hiyo hiyo ninajibu: hapana. Wanaposema hivyo wanaidharau mila ile ile wanayotaka kuilinda.

Tuangalie mila yenyewe. Waluba wana lukasa, kibao cha mti chenye shanga, kinachoshikwa mkononi. Si pambo. Watu wa mbudye walipitisha kidole juu ya shanga wakasoma habari za wafalme, safari zao na miiko ya ufalme. Leo lukasa nyingi ziko Ulaya na Marekani, ndani ya vioo, zimetunzwa vizuri. Lakini nani anazisoma? Bila mbudye, lukasa ni ubao tu. Basi mila ilikuwa kibao pamoja na watu waliofundishwa kukisoma, tena mahali pa kukutana.

Sasa tuje hapa mjini. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake, Le Hangar, wakati mji ungali Elisabethville. Humo walitoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake, Mwenze Kibwanga, na Bela Sara aliyepaka rangi kwa vidole. Desfossés akafa 1954, na Hangar ikaisha pamoja naye. Majina yalibaki, tablo nyingi zikaenda mbali. Ile nyumba ilisimama juu ya mutu moja.

Kisha wakaja wachoraji wa cité. Katika salon za wazazi wetu kulitundikwa Mamba Muntu na Colonie belge. Wenyewe waliziita ukumbusho, kwa sababu mgeni akiingia anauliza, mwenye nyumba anaeleza, watoto wanasikia. Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia yote ya inchi hii, tablo zaidi ya 100, na katika miaka ya 1973 na 1974 alimweleza Johannes Fabian maana yake, kwa Kiswahili chetu hiki. Leo tablo zile ziko Amsterdam. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza. Mtoto wa Katuba akitaka kusoma kitabu hicho, ajifunze kwanza lugha ya mbali. Hii haitusumbui?

Ndiyo maana nyumba kama Picha ni ya lazima. Vijana wa hapa, kati yao Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza, walianzisha Rencontres Picha mwaka 2008. Ikarudi 2010, ikarudi 2013, ikarudi 2015. Mwaka 2022 ilikuwa Biennale ya saba ya Lubumbashi. Wenye dharau wahesabu vizuri. Hangar haikufikisha miaka kumi. Hawa wamepita hapo, bila kumtegemea mutu moja. Kufungua nyumba si kazi kubwa. Kudumu njo kazi, maana kijana hajifunzi kwa siku moja, na mji haujifunzi kusoma picha kwa siku moja.

Banasema tena: « Ile si mila, ni foto tu. » Baloji, aliyezaliwa hapa 1978, alichukua picha za zamani za wafanyakazi akazibandika juu ya magofu ya Gécamines. Wale wafanyakazi ni babu zetu. Kama huo si ukumbusho, ukumbusho ni nini?

Banasema: « Bazungu njo banalipa. » Kweli, sehemu ya pesa inatoka nje. Lakini sisi tunatoa ngapi? Tunalipa orkestra kwa ndoa, tunalipa kilio cha siku nyingi, na katika salon tunatundika kalenda ya pombe. Asiyechangia chungu asilalamike juu ya chumvi.

Wenye nyumba za sanaa nao wasikie. Mkiandika maelezo ya ukutani kwa Kifaransa cha chuo kikuu peke yake, mama wa soko ya Kenya atapita nje bila kuingia, na atakuwa na haki. Semeni Kiswahili. Tena wekeni hapa kazi moja ya kila msanii mnayemsaidia, kabla kazi zote hazijapanda ndege.

Na wewe msomaji, ekspozisyo ikifunguliwa, nenda na mtoto wako. Simama mbele ya tablo, umuulize anaona nini, kisha umweleze unachojua wewe. Mbudye walifanya hivyo. Ukikosa kufanya, usilie siku utakapoambiwa kwamba mila yako iko Amsterdam.