Kompyuta kuukuu zisiuzwe kwa bei ya chuma

Tangu Microsoft ilipositisha huduma za kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, wenye ofisi ndogo na maduka wamekuwa wakijiuliza kama wanunue kompyuta mpya. Windows 11 haipokei kila mashine. Inadai diski ya gigabaiti 64, kumbukumbu ya gigabaiti 4 na kinga iitwayo TPM 2.0, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazimo katika orodha yake. Hizo ndizo zinazoshuka bei kwa wauza mitumba.

Hata hivyo, mfanyabiashara ambaye kompyuta yake ni ya kuandika ankara, kutunza hesabu ya stoo na kutuma barua pepe hana haja ya kukimbilia dukani. Debian, mfumo huria wa Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, hutolewa bila malipo, na toleo lake la 13 lilitoka Agosti 2025. Faili lake dogo la kusimika halifiki gigabaiti 1. Fundi akifika kwenye orodha ya programu, aondoe alama zote isipokuwa ile ya zana za kawaida. Mashine itawaka na maandishi matupu kwenye kioo cheusi, jambo linalowatisha wengi bure. Baada ya hapo huongezwa kile tu kinachofanya kazi: mandhari nyepesi kama Xfce, LibreOffice na Firefox. Basi.

Wapo watakaosema Linux Mint ni nafuu zaidi kwa kuwa huja na kila kitu. Kwa mtumiaji wa nyumbani wana haki. Lakini kwa ofisi inayonunua intaneti kwa kifurushi, programu isiyoguswa ni sawa na bidhaa iliyolala ghalani: haiuzwi, na kodi ya ghala inalipwa. Kila masahihisho yanapotoka, nayo hupakuliwa pamoja na zile zinazotumika, na kila moja ni mlango mwingine wa kulindwa.

Tatizo liko kwa fundi. Mfumo ni wa bure, lakini muda wake si wa bure, na mwenye duka aliyezoea kubofya atamwita zaidi ya mara moja katika wiki za mwanzo. Aidha, programu nyingi za uhasibu zimetengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake. Anayezitegemea asiguse mashine ya keshia kabla ya kupata mbadala. Mashine za kale mno, zile za biti 32, nazo hazina tena kisimikio katika Debian 13.

Kwa hiyo ianze mashine moja ya pembeni, nakala za hesabu zikiwa zimehifadhiwa kwenye diski nyingine, na printa ijaribiwe siku hiyo hiyo fundi akiwa bado yupo.