Kufundisha kwa Muda Si Mlango wa Chuo Kikuu

Waandishi wengi wa programu ninaowajua wana ndoto moja ya chini kwa chini: kuacha kukimbizana na wateja, waende wakafundishe chuo kikuu na kufanya utafiti kidogo. Ndoto nzuri hiyo. Shida ni njia wanayoifuata. Wengi huchukua somo moja la jioni kama wahadhiri wa muda, wakiamini idara ikishawazoea itawaajiri. Jamani, mlango huo umechorwa tu ukutani!

Mhadhiri wa muda hapa Kenya hulipwa kwa saa alizofundisha, na kilio cha malipo kuchelewa muhula baada ya muhula kimezoeleka hata hakishtui mtu. Wale walioajiriwa, wenye chama chao cha UASU, waligoma mwaka 2017, na mwaka 2025 wakagoma tena wakidai pesa za makubaliano ya 2017–2021. Sasa wewe uliyeitwa kwa simu, bila hata barua, utamlilia nani?

Halafu kuna suala la ngazi. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vya pamoja vya kuajiri na kupandisha vyeo, na shahada ya uzamifu ikawa ndiyo kipimo cha mhadhiri. Mhadhiri mwandamizi anatakiwa awe na pointi 32 za machapisho, na 24 kati yake zitoke kwenye majarida ya kitaaluma. Kwa hivyo hata kama mfumo uliouandika unaendesha hospitali za kaunti nzima, hauwezi kukaa mahali pa makala hizo. Mimi naona huu ni upungufu mkubwa kwa idara za tarakilishi, ambako kazi nzuri mara nyingi ni programu inayofanya kazi. Lakini kanuni ndiyo hiyo, na saa zako za jioni haziibadilishi.

Basi tafuta nafasi ambazo matangazo huziita Graduate Assistant na Tutorial Fellow. Ya kwanza ni ya mwenye shahada ya kwanza iliyo nzuri, ya pili ni ya mwenye uzamili aliyejisajili kwa uzamifu. Hizo ndizo zenye ngazi ya kupanda. Matangazo hutoka kwenye tovuti za vyuo na katika gazeti la MyGov, Jumanne. Anza mapema kukusanya vyeti vya KRA, HELB, EACC na DCI, maana foleni yake si mchezo. (Na usishangae ukiombwa upeleke rundo la nakala za karatasi, hata kazi yenyewe ikiwa ni kufundisha mitandao!)

Kama utafiti ndio unaokuvuta zaidi, tafuta kwanza ufadhili wa uzamifu. Kuna DAAD ya Ujerumani, na kuna RSIF inayoratibiwa na icipe hapa hapa Nairobi, ambayo teknolojia ya habari ni moja ya maeneo yake.

Unalitaka somo la jioni kwa kuwa unapenda kufundisha? Sawa, lichukue. Ila kabla ya kuingia darasani, dai barua yenye idadi ya saa, kiwango cha malipo na tarehe ya kulipwa.