Madondo Zinamaliza Makaa Yote: Wanasayansi Wanasoma DNA Ndio Ziive Haraka, Swali ni Mbegu Itafika Kwa Nani

Chapo madondo unaijua vizuri. Unalipa, unakula, unapanguza mdomo, unarudi kwa hustle. Kitu hujawahi kuhesabu ni moto. Mathe wa kibanda aliweka hiyo sufuria kwa jiko kabla hujaamka, ndio ufike saa saba upate imeiva na imekaangwa. Wengine wanarusha magadi ndani ziive chap chap, na magadi inamaliza vitamini B1 kabla chakula kifike kwa sahani. Na kama umewahi kuchemsha madondo kwa keja na ule mtungi wa gesi wa kilo sita, hesabu unaijua: hiki ni chakula cha bei ya chini kinachopikwa kwa bei ya juu. Ndio maana bedsitter nyingi za hii Nairobi zinaishi na mayai.

Sasa skiza, kwa sababu hii si story za jaba. Muda wa madondo kuiva hauko tu kwa jiko. Uko kwa DNA.

Kuna sababu mbili zinafanya gorogoro moja iive mapema na ingine ikusumbue hadi jioni. Ya kwanza ni stoo. Maharagwe yakikaa miezi mingi mahali pa joto na unyevu, ile gundi inayoshikanisha seli zake inakuwa ngumu, na hapo hata uloweke usiku mzima bado yanabishana na maji. Ya pili ni ukoo. Mwaka wa 2015 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupika aina zaidi ya 200 za maharagwe, zote zimelowekwa, zote zinapikwa vile vile. Kuna zilizoiva chini ya dakika 20. Kuna zilizokaa karibu dakika 90. Moto ni ule ule na maji ni yale yale, tofauti kubwa ni urithi.

Mashine wanayotumia kupima inaitwa Mattson, na ni simple hadi inachekesha. Ina vyuma 25 vyembamba kama sindano, kila kimoja kimekalia haragwe moja ndani ya maji yanayochemka. Haragwe likilainika, chuma kinalitoboa na kuzama. Vyuma 20 vikishazama, wanasema zimeiva. Yaani ni ile kazi mathe hufanya na vidole viwili, tu hii imewekwa saa.

Shida ni kwamba kupima hivyo ni kazi ya punda. Msee anayezalisha mbegu mpya anachukua mmea wa kike na wa kiume, anazichanganya, anapata watoto mamia, anapanda, anavuna, anapanda tena mpaka ziwe na mbegu za kutosha kupika, halafu ndio anajua nani anaiva haraka. Kwa njia ya zamani, kutoka hapo hadi mkulima apate mbegu mpya ni kama miaka 8 au 10. Umemaliza high school, umetarmac, umeoa, na haragwe bado liko kwa majaribio.

Hapo ndipo jenetiki ya siku hizi imeingia. Mwaka wa 2014 jenomu ya haragwe ilisomwa na kuchapishwa: kromosomu 11, herufi kama milioni 587. (Kwa hiyo kazi wakathibitisha pia kitu kali: maharagwe yalianza kulimwa mara mbili, mahali tofauti. Rosecoco ni ukoo wa milima ya Andes huko Amerika Kusini, Wairimu ni ya upande wa Meksiko na Amerika ya Kati. Hao wawili walitengana kabla hata binadamu hajaanza kulima, leo wanakutana kwa githeri yako.) Siku hizi wanapika aina mia kadhaa mara moja, wanasoma DNA zao, na kompyuta inajifunza herufi gani zinatembea na kuiva haraka. Baada ya hapo, mche mpya ukitoa majani, wanakata kipande kidogo cha jani, wanasoma, wanakisia huyu akikua ataiva kwa dakika ngapi. Wanaoonekana wazito wanaachwa hapo hapo. Wepesi wanachanganywa tena mapema, bila kungoja kila mmoja apikwe.

Kenya iko ndani ya hii maneno. Kuna mradi uliodhaminiwa na Australia uliounganisha nchi sita, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Ethiopia, pamoja na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Western Australia na CIAT, lile shirika la Colombia lenye stoo kubwa zaidi ya mbegu za maharagwe duniani. Target yao: kupunguza muda wa kupika kwa asilimia 30, na kupandisha madini ya chuma na zinki ndani ya haragwe hilo hilo.

Usichukulie hiyo chuma poa. Huko Huye, Rwanda, madem 195 wa campo, wa miaka 18 hadi 27, wote wakiwa na upungufu wa chuma, waligawanywa mara mbili: wengine wakala maharagwe ya kawaida, wengine yale yaliyozalishwa yakiwa na chuma nyingi. Baada ya siku 128, wale wa chuma nyingi walikuwa wameongeza damu kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa 2016. Sio tembe, sio sindano, ni madondo. Hapa kwetu KALRO ilitoa aina inaitwa Nyota mwaka wa 2017, iko na chuma na zinki, inavumilia ukame na inakomaa mapema.

Najua tayari kuna mtu ameshaandika GMO kwa kichwa yake. Tulia nikuchanue. GMO ni kuingiza jeni kwa mmea huko maabara. Brazil walifanya hivyo na haragwe, wakaliidhinisha 2011 kwa sababu ya virusi vilivyokuwa vinamaliza mashamba yao. Hii ya kuiva haraka ni kitu kingine: mimea inachanganywa vile imekuwa ikichanganywa tangu zamani, DNA inasomwa tu ndio ujue utabaki na nani. Kusoma meseji za mtu na kumwandikia meseji ni vitu viwili. Kwa hivyo hata ukiwa kwa team ya kupinga GMO, na uko na haki yako, hapa unarusha mawe kwa nyumba isiyo yake.

Mimi ngori naiona mahali pengine kabisa: nani atauza hii mbegu?

Mahindi ya haibridi yakivunwa, ukirudisha mbegu shambani mavuno yanashuka, so mkulima anarudi dukani kila msimu. Biashara safi. Haragwe hujichavusha lenyewe. Ukipanda Nyota unavuna Nyota, unaweka debe moja pembeni, msimu ujao umejipanga. Kampuni inakuuzia mara moja halafu inakungoja miaka. Ndio maana kampuni za mbegu hazikimbizani na madondo, na ndio maana aina tunazokula sana, Rosecoco, Mwitemania, Wairimu, ziliboreshwa na mradi wa serikali huko Thika na bado ziko shambani tangu miaka ya 80. Wakulima wengi wanapanda tu zile walizoweka, ama zile walinunua sokoni kama chakula. Mbegu tamu inaweza kuzalishwa kwa kompyuta kali halafu ikwame kwa kabati la kituo cha utafiti.

Na sheria ilikuwa imeongeza chumvi. Baada ya mabadiliko ya 2012, kuuza au kugawana mbegu ambazo hazijaidhinishwa kungeweza kukupeleka jela hadi miaka 2 au faini ya hadi milioni moja. Shosho kumpa jirani kikombe cha mbegu, milioni moja! Wakulima 15 walienda kortini, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikasema vipengele hivyo vinaenda kinyume na Katiba. Kwa mahindi hiyo ni habari. Kwa maharagwe ni kila kitu, kwa sababu haragwe husambaa kikombe kwa kikombe, jirani kwa jirani.

Upande wa pesa ndio bado uko giza. Kama kampuni haioni faida, utafiti unabaki kwa serikali na wafadhili. Mwaka wa 2025 Marekani ilifunga USAID, na maabara kadhaa za vyuo vikuu vya huko zilizokuwa zikifanya kazi ya mazao na nchi zetu zikapoteza pesa. Sisi nasi tunanunua maharagwe Uganda na Tanzania kujaza pengo, na lori likifika Nyamakima hakuna anayeuliza hiyo gunia ni aina gani, imekaa stoo miezi mingapi, ama itakula makaa kiasi gani. Bei inaangalia rangi na saizi. Mpaka mtu aanze kulipa zaidi kwa haragwe linaloiva haraka, mkulima hana sababu ya kulitafuta, hata kama wasomi wameshamaliza kazi yao.

So ukienda ushago hii Disemba, muulize shosho anapanda gani. Akisema Nyota, omba kilo mbili, moja ya kupika na moja ya kumpelekea yule shangazi mwenye shamba Machakos. Akisema ni zile za soko tu, zilowekeni usiku, pikeni, mtu mmoja ashike saa.