Baraza la Wanafunzi wa Afya Lina Maana Gani kwa Mgonjwa?

Mgonjwa anayelazwa katika hospitali ya kufundishia, kama Muhimbili hapa Upanga, hukutana na wanafunzi kila siku. Wanaandika historia ya ugonjwa wake, wanampima, wanasimama nyuma ya daktari bingwa wakati wa raundi, na jioni wanarudi kuuliza tena maswali yale yale aliyokwisha kuyajibu asubuhi. Ndani ya wodi wanafunzi hao hawana mamlaka ya kuamua jambo lolote. Wakitoka nje ya wodi, hata hivyo, wana chombo chao cha kuamua: wanapiga kura, wanachagua wawakilishi, wanapitisha bajeti na kuwahoji viongozi wao. Wengi, wakiwamo wahadhiri, huyaona mambo hayo kuwa siasa za vijana zisizomhusu mgonjwa. Mimi naona yanamhusu sana.

Kwanza tueleze muundo wenyewe, kwa sababu hata baadhi ya wanafunzi huumaliza mwaka wa tano bila kuuelewa. Jumuiya za wanafunzi wa vyuo vikuu nchini, ikiwamo yetu ya MUHASSO, huongozwa na katiba. Mfumo uliozoeleka una mikono miwili. Mmoja ni serikali ya wanafunzi: rais, makamu wake, na mawaziri wanaoshughulikia mikopo, malazi, taaluma, afya, michezo na kadhalika. Wa pili ni baraza la wawakilishi, ambalo vyuo vingine huliita bunge, lenye spika na wajumbe wanaochaguliwa na wanafunzi wenzao. Serikali hutenda, baraza huidhinisha, huhoji, na inapobidi huwaondoa viongozi madarakani kwa utaratibu uliowekwa na katiba. Baraza hili lisichanganywe na Baraza la Chuo, ambalo ndicho chombo kikuu cha uongozi wa chuo kizima. Wanafunzi nao wana wawakilishi wao katika Baraza la Chuo na katika Seneti, na huko hukaa meza moja na maprofesa.

Uhalali wa vyombo hivi haukupatikana kirahisi. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana jijini Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawarudisha makwao karibu 400, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1971, rais wa jumuiya ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DUSO, Mkenya Symonds Akivaga, alifukuzwa chuoni baada ya kuukosoa utawala kwa barua ya wazi. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza ya maslahi ya viongozi wa kisiasa. Mamia walifukuzwa, DUSO ikapigwa marufuku, na nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA, iliyokuwa karibu zaidi na chama tawala. Shule ya tiba ya Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1963, iliingizwa katika chuo hicho kama kitivo mwaka 1968, na ilibaki hivyo hadi ilipopandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 1991 na chuo kikuu kamili mwaka 2007. Historia hiyo, basi, ni yetu pia. Leo Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 inazitambua jumuiya za wanafunzi. Kilichopiganiwa kwa maandamano sasa kimeandikwa katika sheria, na swali lililobaki ni jinsi tunavyokitumia.

Hapa ndipo penye tatizo. Nguvu nyingi za uchaguzi hutumika kumtafuta rais. Mabango hubandikwa, midahalo hufanyika, marafiki hununiana. Kiti cha mjumbe wa baraza, kwa upande mwingine, mara nyingi hupata mgombea mmoja anayepita bila kupingwa, au hujazwa na yule aliyekosa ujasiri wa kukataa. Baada ya hapo watu husahau. Kikao kikikosa akidi hakuna anayeuliza. Bajeti ikisomwa kwa dakika kumi na kupitishwa kwa makofi hakuna anayeshangaa, ingawa fedha hizo ni michango inayolipwa na kila mwanafunzi pamoja na ada. Tunamchagua dereva kwa shangwe, kisha tunamwacha bila mtu wa kumwambia kwamba amepitiliza kituo.

Chukua mfano ulio wa kawaida katika chuo chochote cha afya. Wanafunzi wa kike wanaomaliza zamu ya jioni wodini wanaona njia ya kurudi bwenini si salama. Mmoja wao anamweleza mwakilishi wa darasa. Mwakilishi analipeleka jambo kwa mjumbe wa baraza, mjumbe anaandika hoja, baraza linaijadili na kumwagiza waziri anayehusika, waziri anakwenda kwa Mshauri wa Wanafunzi, naye analifikisha kwa utawala. Hadi hapo mfumo umefanya kazi. Lakini je, jibu linarudi? Aliyelalamika anafahamishwa kwamba taa zitafungwa mwezi ujao, au kwamba fedha hazipo, au kwamba ombi limekataliwa na kwa sababu gani?

Sisi wahudumu wa afya tunaujua vizuri ugonjwa huu. Zahanati humwandikia mgonjwa rufaa, mgonjwa hupokelewa hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, kisha ya taifa. Anatibiwa na kurudi nyumbani. Mganga aliyemwandikia rufaa hapati taarifa kamwe. Hajui kama utambuzi wake ulikuwa sahihi, hajui dawa zipi ziendelezwe, na mgonjwa wa pili mwenye dalili zile zile atamshughulikia kwa ujinga ule ule wa mwanzo. Rufaa isiyo na majibu ya rufaa ni nusu ya tiba. Vivyo hivyo, hoja inayopanda bila kushuka ni nusu ya uwakilishi. Baada ya mara mbili tatu, wanafunzi huacha kuzipeleka hoja, na ukimya wao huchukuliwa kimakosa kuwa dalili ya kuridhika.

Mgonjwa anaingiaje katika habari hii? Mwanafunzi wa afya huona mambo ambayo macho yaliyozoea hayayaoni tena. Humwona mama anayejibiwa kwa ukali, humwona mzee aliyevuliwa nguo mbele ya watu kumi bila pazia, huona kisanduku cha glavu kilichobaki tupu tangu asubuhi. Akisema peke yake ataonekana mtovu wa adabu, na anajua kwamba huyo anayemkosoa ndiye atakayempa alama. Kwa hiyo hunyamaza, na akinyamaza kwa miaka mitano huhitimu akiwa amefuzu kunyamaza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Darasa likisema kupitia mjumbe wake, kwa maandishi, bila kumtaja mwanafunzi yeyote, lalamiko la mtu mmoja hugeuka kuwa hoja ya chombo kinachotambuliwa. Baraza linalofanya kazi humlinda msemaji, na kwa njia hiyo humlinda pia mgonjwa asiye na wa kumsemea.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya muda mrefu zaidi. Mhitimu wetu atakwenda kufanya kazi Kasulu au Newala. Huko atakuta vyombo vinavyofanana kabisa na baraza alilolipuuza. Kituo chake kitakuwa na Kamati ya Usimamizi yenye wajumbe kutoka miongoni mwa wananchi, na halmashauri itakuwa na Bodi ya Huduma za Afya. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018, fedha hupelekwa moja kwa moja katika vituo vya kutolea huduma, na kamati hizo zina wajibu wa kuridhia mipango na kufuatilia matumizi. Mganga mfawidhi aliyezoea bajeti kupita kwa makofi atawaletea wanakijiji karatasi za kusaini. Yule aliyewahi kubanwa na wajumbe wa baraza aeleze shilingi kwa shilingi atawaletea hesabu, atawafafanulia, na hataudhika mkulima akimwuliza dawa zilizonunuliwa ziko wapi.

Najua pingamizi lililopo. Wenzangu husema mwanafunzi wa udaktari hana muda, kwamba vikao humwondoa kwenye vitabu, na kwamba jumuiya hizi ni mlango wa vyama vya siasa. Hofu hizo si za bure. Hata hivyo, kikao kilichoandaliwa vizuri, chenye ajenda iliyosambazwa mapema, hakihitaji kukesha. Ama siasa za vyama, hizo hustawi zaidi pale ambapo wajumbe hawana kazi halisi ya kufanya. Baraza lenye taarifa ya fedha mezani na orodha ya hoja zinazosubiri majibu halina nafasi kubwa ya porojo.

Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha mpya. Kwanza, kila hoja inayopokelewa iandikwe katika daftari la wazi, pamoja na tarehe, jina la kiongozi aliyekabidhiwa, na jibu lililotolewa, hata kama jibu ni hapana. Pili, taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwa Kiswahili chepesi mahali ambapo kila mwanafunzi anapita, wakiwamo walioko Mloganzila. Tatu, wanafunzi wa uuguzi, famasia, meno, maabara na afya ya jamii wasifunikwe na wingi wa wanafunzi wa udaktari, kwa kuwa wodi haiendeshwi na taaluma moja. Nne, angalau kikao kimoja kila mwaka kitengwe kwa ajili ya yale ambayo wanafunzi wameyaona wodini kuhusu utu wa mgonjwa, na maazimio yake yapelekwe kwa uongozi wa chuo na wa hospitali.

Kwa wahadhiri wenzangu, ombi langu ni dogo zaidi: mjumbe wa baraza akija ofisini na karatasi ya hoja, tusimwulize kwanza anasoma mwaka wa ngapi. Tuisome karatasi, tumjibu kwa maandishi. Na kwa mgonjwa anayesoma makala haya akiwa kitandani, ukimwona mwanafunzi amesimama pembeni na daftari lake, mweleze lililokusibu. Huenda hana uwezo wa kulitatua leo, lakini anaye mwakilishi aliyemchagua, na ana haki ya kumtaka arudi na majibu.