Daktari akiuliza mtoto ameumia wapi, 'nyumbani' haitoshi

Mama anaingia kwa daktari amembeba mtoto wa miaka miwili, mkono umefungwa kanga iliyolowa maji. Nyuma yake yuko mama mkwe.

"Ameungua na nini?"

"Chai, daktari."

"Akiwa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani sehemu gani?"

Mama anamtazama mkwewe, kisha anasema, "Nyumbani tu."

Wazazi wengi huishia hapo. Anayeulizwa husikia kama yuko polisi, au kama mume amerudi jioni anataka kujua mtoto alikuwa na nani. Sufuria ilikuwa kwenye jiko la mkaa koridoni, wapangaji wanapita, na yeye alikuwa uani anaanua nguo. Atayasemaje hayo mbele ya mkwe?

Daktari naye ana sababu ya kuuliza. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina orodha ya kuainisha magonjwa na majeraha, maarufu kama ICD, ambayo hospitali za nchi nyingi huitumia. Katika toleo la 10 la orodha hiyo, kuungua kwa kinywaji, chakula au mafuta ya kupikia ni X10. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa kwa bahati mbaya yuko X46. Tarakimu inayofuata baada ya nukta husema mahali: 0 ni nyumbani, 9 ni mahali pasipotajwa. Sifuri hiyo moja inabeba jikoni, chumbani, bafuni, uani, hata bwawa la kuogelea kwa mwenye nalo.

Marekani waliigawa sifuri hiyo. Katika toleo lao, lililoanza kutumika Oktoba 2015, nyumba ya familia moja ina Y92.010 kwa jikoni, Y92.012 kwa bafuni na Y92.013 kwa chumba cha kulala. Flati zina namba zake. Namba ya koridoni yenye majiko matano ya wapangaji watano haimo, na ndiyo maana maneno ya mzazi yana kazi kubwa kuliko tarakimu.

Mahali panapojulikana panaweza kurekebishwa. Jijini New York, miaka ya 1970, watoto walikuwa wakianguka kutoka madirisha ya ghorofani. Idara ya afya ya jiji ikawa inapokea taarifa za maanguko hayo kutoka hospitali na polisi, na wauguzi wakazifuata familia majumbani. Mwaka 1976 wenye nyumba wakatakiwa kuweka vizuizi vya madirisha palipo na watoto wa miaka 10 kushuka chini, na maanguko yakapungua sana. Faili linalosema "ameanguka nyumbani" lisingemwonyesha mtu dirisha.

Mtoto aliye mbele ya daktari naye anahitaji jibu hilo leo. Kuanguka kitandani si sawa na kuanguka kwenye ngazi za saruji. Aliyeungua ndani ya chumba kilichojaa moshi huangaliwa njia ya hewa, hata kama kidonda ni kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawaambiwi mara nyingi. Daktari hulinganisha maelezo na jeraha. Ukisema mtoto alijimwagia maji sebuleni, naye miguu yote miwili imeungua sawasawa kama amevaa soksi, daktari atajiuliza nani alimtumbukiza kwenye maji. Mama anayeficha koridoni kwa kuogopa lawama anaweza kujiletea maswali mazito kuliko yale aliyoyakimbia. Kumwacha mtoto dakika tano ukaanue nguo ni jambo ambalo madaktari wanalisikia kila siku.

Kama kuna ndugu ambaye huwezi kusema mbele yake, sema, "Daktari, naomba tuongee wawili." Kama aliyekuwepo ni dada wa kazi, mpigie simu palepale na umuulize kwa upole. Ukianza kumfokea, atakuambia kile anachoona kitamwokoa. Na kabla ya kutoka nyumbani, mwagia alipoungua maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Dawa ya meno na yai viache.

Daktari anamwomba mama mkwe akashughulikie kadi dirishani. Mlango unafungwa.

"Koridoni," mama anasema. "Mimi nilikuwa uani."

"Jiko lilikuwa chini?"

"Chini, daktari. Yote huwa chini."

"Yako mangapi?"

"Matano."

Daktari anaandika.