Joho la Nini, na Kusoma Hajui?

Novemba iliyopita mjukuu wangu alimaliza Gredi ya Kwanza hapa Mombasa, nami nikaalikwa shereheni. Watoto wa miaka sita na saba wamevishwa majoho ya kukodi na kofia za pembe nne, vipaza sauti vinanguruma, keki imewazidi kimo. Picha zikapigwa hata Adhuhuri nusura itupite. Nyumbani nikampa kitabu chake cha Kiswahili. Akanirudishia: "Babu, nisomee wewe."

Nakuuliza, mzazi mwenzangu: tumesherehekea nini?

Usidhani nakataza furaha ya mtoto. Sisi nasi tulifanyiwa karamu. Lakini chuoni, mtoto akihitimu juzuu ya Amma, alikalishwa mbele ya mwalimu na wazee akaisoma, ndipo halua ikaliwa. (Na mwalimu akapata fungu lake, sikatai.) Karamu ilifuata elimu. Leo karamu imetangulia, elimu haijafika.

Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, mateka waliojua kuandika na wasio na mali ya kujikomboa walitakiwa kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina, ndipo aachwe huru. Fidia ilikuwa watoto wajue, basi.

Mwalimu mkuu, mwakani tuondolee majoho. Kila mtoto asimame asome mistari mitano, baba yake akisikia. Nawe baba, pesa ya joho nunua vitabu, kisha ukae naye baada ya Isha. Mimi na wangu tumeshaanza. Jana tumefika ukurasa wa nne.