Klarineti ya Fanfari Yetu: Tuchague Ipi?



Tangu wanafunzi wa zamani waliposema watatununulia klarineti moja ya mafundi, mabishano hayaishi kwenye internati. Huyu anataka ya Ujerumani, yule ya Ufaransa. Sisi wa darasa la sita tuko na neno, maana feza za watu hazichezewi.

Ile ya Ujerumani, ya mpango wa Oehler, si mbaya hata kidogo. Iko na vibonyezo vingi zaidi, na sauti yake ni nzito, ya kutulia. Wapigaji wa okestra kubwa ya Berlin wanaitumia hata leo. Lakini vidole vyake vingi si vile tulivyofundishwa. Sisi wote tulianza kwa zile za plastiki za mpango wa Boehm, ambao Klosé na Buffet walionyesha Paris mwaka 1839. Mutu akichukua ya Ujerumani, atajifunza karibu upya. Na mwalimu atatoka wapi?

Sasa tutazame R13 ya Buffet Crampon, ya Ufaransa, iliyotoka mwaka 1955. Tundu lake la ndani halina upana mmoja. Fundi Robert Carrée alilipa vipimo mbalimbali, kwa ngazi. Juu ya nini? Filimbi ikipanda inaruka oktava, noti 8. Klarineti inaruka noti 12. Ndiyo maana ni vigumu sauti zake za chini na za juu zipatane. Tundu lile linasaidia. Na katika fanfari, penye tarumbeta nyingi, kupatana kunashinda uzito wa sauti.

Iko hatari moja. Klarineti hizi ni za mti wa mpingo, unaotoka sana Tanzania na Msumbiji. Ni mgumu, lakini wakati wa kiangazi, ndani pakilowa mate na nje pakikauka, unapasuka. Kwa hiyo tunaomba R13 ya aina ya Green Line, ya unga wa mpingo uliogandamizwa pamoja na nyuzi na gundi. Ikianguka inaweza kuvunjika kwenye maungio, lakini ukavu hauipasui. Wengine watasema huo si mti wa kweli. Tofauti ya sauti wataisikia wachache. Ufa utasikiwa na kanisa zima.

Na atakayeikabiziwa aipanguse ndani kila akimaliza kupiga. Bwana Prefe na wakubwa waamue. Sisi tumesema yetu.